Meli hizi zipimwe kwa tumbo, si kwa sitaha ya ndege

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu manowari za kushusha majeshi ufukweni niliisoma yote, na nashukuru kwamba mliipa nafasi ya kutosha. Mwandishi amehesabu ndege za kivita za F-35B, amehesabu helikopta, ametaja urefu wa sitaha na nchi zinazomiliki meli hizo. Kuhusu kilicho chini ya sitaha hakuandika hata aya moja. Msomaji anabaki akidhani kwamba hii ni meli ya kubeba ndege iliyopunguzwa ukubwa, nami nimeshika kalamu kwa sababu sehemu iliyoachwa ndiyo iliyofanya meli hizi zibuniwe.

Mimi ni injinia wa meli mstaafu. Maisha yangu ya kazi yamepita kwenye meli za kubeba magari, zile ambazo malori huingia kwa mlango wa nyuma na kujipanga tumboni, na zamu zangu nyingi zilikuwa kwenye pampu na matangi ya farumi, yaani maji ya kuipa meli uzito na usawa. Askari sijawahi kuwa. Lakini mtu aliyezoea kuona meli nzima ikiinama taratibu kufuata mkono wake kwenye vali, ukimpa mchoro wa USS Wasp, mojawapo ya meli hizi za Marekani, ataanzia palepale ninapoanzia mimi: nyuma, chini, penye lango.

Wasp iliingia kazini mwaka 1989, ikafuatwa na dada zake saba. Ina urefu wa mita 257, uzito unaozidi tani 40,000, na hubeba askari wa majini wapatao 1,600 pamoja na magari yao. Kwenye tezi, yaani nyuma ya meli, usawa wa maji, kuna lango la chuma linalofungukia bwawa lililo ndani ya meli, lenye urefu wa mita 81 hivi na upana wa mita 15. Humo hukaa hovakrafti tatu (vyombo vinavyokwenda juu ya hewa vinayoipuliza chini yao), au boti bapa za kubebea vifaru na malori. Boti zikitakiwa kutoka, maji ya bahari huingizwa kwenye matangi ya farumi. Meli hii inaweza kuchukua maji ya kiasi cha tani 15,000 kwa kazi hiyo. Tezi huzama polepole, lango hushushwa, bahari huingia bwawani hadi boti zinanyanyuka sakafuni na kuelea. Sakafu na kuta za bwawa huvikwa mbao nene, kwa sababu boti ya chuma ikisukumwa na wimbi kwenye ukuta wa chuma, kimoja lazima kiumie. Mbao hupokea kipigo, na zikichoka hubadilishwa. Katika meli yenye mitambo ya mabilioni, bado kuna kazi ambayo mbao huifanya vizuri kuliko kitu kingine chochote, na kila nikiifikiria nawaheshimu zaidi waliokaa wakaichora.

Sisi wa meli za magari tukisikia kwamba mlango umefunguliwa baharini, mwili husisimka. Tarehe 6 Machi 1987 meli ya Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya omo, yaani ya mbele, ikiwa wazi. Maji yaliingia kwenye sitaha ya magari, yakakimbilia upande mmoja, na kufumba na kufumbua meli ikalala ubavu. Watu 193 walikufa. Kilichowaua ni maji yanayotembea huru juu ya sakafu pana isiyo na ukuta katikati. Hatari ya maji hayo haiongezeki sawasawa na upana wa sakafu. Huongezeka kwa upana ukizidishwa kwa upana, kisha ukizidishwa kwa upana tena. Sakafu ikiwa pana mara mbili, hatari inakuwa mara nane.

Sasa itazame Wasp. Mwili wake una upana wa mita 32 hivi, bali bwawa ni mita 15 tu. Kulia na kushoto kuna kuta nene zenye matangi na vyumba vilivyofungwa. Kwa kulibana bwawa chini ya nusu ya upana wa meli, wabunifu wameishusha hatari ile hadi chini ya moja ya nane ya ile ambayo ingekuwepo kama maji yangepata kutembea kutoka ubavu hadi ubavu. Ndiyo maana meli hii inaweza kufanya kwa makusudi kile kilichoiua Herald, kisha ikafunga lango na kuendelea na safari. Picha ya kutoka angani haiwezi kumwonyesha msomaji ustadi huo.

Hovakrafti nazo zilistahili aya yake. Zile za Marekani hubeba mzigo wa tani 60, yaani kifaru kizima, na hukimbia zaidi ya kilomita 70 kwa saa juu ya mto wa hewa. Kwa kuwa hazihitaji kina cha maji, haziishii kwenye maji mafupi wala kwenye mwamba uliofunikwa na mawimbi. Hupanda mchanga na kuendelea hadi penye ardhi ngumu. Boti ya kawaida inaweza kutua kwenye asilimia 15 hivi ya pwani za dunia. Kwa hovakrafti, makadirio yanayotumika ni zaidi ya asilimia 70. Hapo mpiga vita na mtoa misaada wanataka kitu kilekile: mahali pa kushushia mzigo pasipo na gati, kreni wala kina.

Kuna jambo jingine la tumboni ambalo huwashangaza hata mabaharia wenzangu nikiwaeleza, nalo ni upakiaji. Kwenye meli ya biashara tulikuwa tunagombania kila nafasi. Lori liliegeshwa karibu na lenzake kiasi cha kumlazimu dereva kutoka kwa kujibana, minyororo ikafungwa, na mpango wa kushusha ulifuata bandari tunazopita. Kwenye meli ya kushusha majeshi, kitakachohitajika kwanza ufukweni ndicho kinachopakiwa mwisho, na kila kitu lazima kifikike. Dawa, maji ya kunywa, redio na tingatinga la kusafishia njia haviwezi kuwa nyuma ya makontena ya vipuri. Nafasi nyingi huachwa tupu kwa makusudi ili magari yageuke na kupitana kwenye madaraja ya ndani yanayounganisha sitaha za magari, bwawa na hanga, yaani banda la ndege. Mhasibu wa kampuni ya meli angeona hasara. Kwa kamanda, mpangilio huo ndio shughuli yenyewe, na ukivurugwa siku ya kupakia haurekebishiki baharini.

Historia nitaipitia kwa haraka. Japani ilikuwa na Shinshu Maru, meli ya jeshi la nchi kavu iliyokuwa ikitoa boti kwa mlango wa nyuma, katika miaka ya 1930. Marekani ikaingiza kazini USS Ashland mwaka 1943, meli yenye bwawa iliyotokana na wazo la Waingereza. Kisha helikopta zikaleta njia ya pili: Novemba 1956, huko Port Said, HMS Ocean na HMS Theseus za Uingereza zilishusha kwa helikopta askari zaidi ya 400 wa kikosi cha 45 Commando kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kuanzia hapo kulikuwa na meli za bwawa na meli za helikopta, kila moja na kazi yake. USS Tarawa ya mwaka 1976 ndiyo iliyoziunganisha mbili hizo katika mwili mmoja, na takriban kila unachokiona leo kinatokana na muungano huo: Mistral ya Ufaransa, Juan Carlos I ya Hispania, Canberra ya Australia, Anadolu ya Uturuki, Hainan ya China, Trieste ya Italia. Mistral mbili zilizokuwa zimeagizwa na Urusi ziliishia Misri mwaka 2016, zikapewa majina ya Gamal Abdel Nasser na Anwar El Sadat.

Muungano huo una bei yake, na makala yenu ingemsaidia sana msomaji kama ingeieleza. Kila mita ya bwawa ni mita iliyonyang'anywa hanga, karakana za ndege au matangi ya mafuta ya ndege. Marekani ilipojenga USS America, iliyoingia kazini mwaka 2014, iliamua kuliondoa bwawa kabisa. Ilipata hanga kubwa zaidi na mafuta mengi zaidi ya ndege, na wakubwa wakaanza kuzungumzia kuipakia F-35B hadi 20. Meli ya pili, Tripoli, ikafuata kwa mchoro huohuo. Halafu askari wa majini wenyewe wakaanza kuuliza: mizigo mizito itafikaje pwani? Helikopta haibebi kifaru. Meli ya tatu ya aina hiyo, Bougainville, ikarudishiwa bwawa, ingawa dogo zaidi, la hovakrafti mbili. Nilifurahi sana kusikia habari hiyo. Meli isiyoweza kushusha mzigo mzito ufukweni imebaki na nusu ya kazi yake, na ile nusu iliyobaki meli ya ndege ya kweli huifanya vizuri zaidi, tena kwa kasi ya zaidi ya kilomita 55 kwa saa, wakati hizi huishia kwenye kilomita 40 hivi.

Siwabezi marubani. Mwandishi wenu anajua ndege, na hiyo ni elimu. Moto wa injini ya F-35B ikitua wima ulizilazimu meli hizi zipakwe upya kwa rangi maalumu inayostahimili joto, na sitaha zikaimarishwa kwa chini. Hata hizo ni habari za chuma na kazi ya mafundi, na nina hakika wasomaji wangezipenda.

Ndege na tumbo zikifanya kazi pamoja ndipo meli hizi hushangaza. Januari 1991 Mogadishu ilipokuwa ikiungua, meli za Marekani USS Guam na USS Trenton zilikuwa mbali mno, upande wa Ghuba ya Oman. Zikaelekezwa kusini kwa kasi zote. Kabla hazijafika, helikopta mbili kubwa ziliruka kutoka Trenton usiku, zikaenda maili za baharini 466, zikijazwa mafuta hewani na ndege nyingine njiani, zikashusha askari 60 kwenye ubalozi wa Marekani. Watu 281 wa mataifa 30 waliokolewa, wakiwemo mabalozi wa nchi kadhaa na kundi la Wasovieti. Trenton hiyohiyo iliuzwa baadaye kwa India, ikaitwa INS Jalashwa, na Mei 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa Uviko, ilikwenda Malé, mji mkuu wa Maldivi, kuwachukua Wahindi 698 waliokwama huko ikawarudisha Kochi, India. Mwili wenye umri ule, ukiwa chini ya bendera nyingine, ulikuwa bado unafanya kazi iliyochorwa tangu mwanzo.

Mifano ya namna hiyo ni mingi. Dixmude ya Ufaransa ilikaa El Arish, Misri, mwishoni mwa mwaka 2023 ikitibu majeruhi kutoka Gaza. Meli za aina yake zina hospitali ya vitanda 69 na vyumba viwili vya upasuaji. Ile HMS Ocean ya karibuni zaidi, iliyouzwa kwa Brazil mwaka 2018 na kuitwa Atlântico, ilipelekwa Rio Grande do Sul wakati wa mafuriko ya Mei 2024 ikiwa na mitambo ya kusafisha maji. Wasp peke yake inaweza kutengeneza zaidi ya lita 700,000 za maji baridi kwa siku. Maji hayo huwatosha mabaharia na askari, na kwa mji uliopoteza mabomba yake ni uhai.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Tumbo hili linaloipa meli thamani ndilo pia linaloweza kuiangamiza, na si lazima adui awepo. Jumapili ya tarehe 12 Julai 2020, USS Bonhomme Richard, mojawapo ya dada za Wasp, ilikuwa gatini San Diego katika matengenezo makubwa. Moto ulianza kwenye sitaha ya chini ya magari. Sitaha hiyo ilikuwa imegeuzwa ghala la vitu vya kuungua. Nyaya na mabomba ya muda yalikuwa yamepitishwa milangoni, kwa hiyo milango ya kuzuia moto haikuweza kufungwa. Uchunguzi wa jeshi la majini lenyewe ulikuta kwamba asilimia 87 ya vituo vya zimamoto ndani ya meli vilikuwa nje ya kazi kwa sababu ya matengenezo. Kulikuwa na mfumo wa povu la kuzimia moto, na kitufe chake kilikuwepo. Hakuna aliyekibonyeza.

Joto lilipanda kwa madaraja yaleyale ya magari niliyoyasifu hapo juu, likaingia sitaha ya pili, likafika hanga, likapanda hadi kwenye jengo la usukani. Moto uliwaka zaidi ya siku 4. Zaidi ya watu 60 walitibiwa, na namshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Kuirejesha meli kungegharimu zaidi ya dola bilioni 2.5 na kuchukua miaka mitano hadi saba, kwa hiyo Aprili 2021 iliondolewa kazini na kuvutwa kwenda kukatwa vyuma. Ilikuwa imeanza kazi mwaka 1998.

Niliposoma taarifa ya uchunguzi niliiona kila hatua kana kwamba niko ndani. Meli ikiwa kwenye matengenezo haina mwenyewe. Makandarasi wanaingia na kutoka, umeme unatoka nchi kavu, mabaharia wengi wako likizo, na mlango usiofungika hauwashtui watu kwa sababu umekuwa hivyo tangu juzi. Kwenye meli zetu nilikuwa nagombana na mafundi kwa jambo moja tu: kila bomba na kila waya unaopita mlangoni uwe na kiungio cha kufyatua, hatua moja kutoka kwenye kizingiti. Moto ukitokea, baharia anafyatua, anavuta kipande kilichobaki, anafunga mlango. Mafundi walilalamika kwamba viungio vinachelewesha kazi na vinavuja. Ni kweli vilivuja. Nilikubali vivuje. Sitaha ya magari isiyo na kuta haimpi mtu nafasi ya pili. Moshi ukishajaa humo, huoni hata mkono wako, na njia ya kutokea unaitafuta kwa kupapasa minyororo sakafuni.

Naeleza haya kwa sababu hali bado si nzuri. Desemba 2024 wakaguzi wa Bunge la Marekani walitoa ripoti kwamba nusu ya meli za kushusha majeshi za nchi hiyo ziko katika hali mbaya. Aprili mwaka huohuo USS Boxer ilitoka safari ikalazimika kurudi muda mfupi baadaye kwa hitilafu ya usukani. Sheria ya nchi hiyo inataka jeshi la majini liwe na meli hizi zisizopungua 31, na kwenye karatasi idadi ipo. Wengi wanaoandika huishia hapo, kwenye idadi, kama makala yenu ilivyoishia kwenye idadi ya ndege. Australia nayo ilipata somo lake: HMAS Adelaide, meli ya kisasa, ilipelekwa Tonga Januari 2022 baada ya mlipuko wa volkano, ikapoteza umeme ikiwa huko. Mizigo ilishuka hata hivyo, lakini meli inayopelekwa kuwasaidia watu wasio na umeme inapozimika yenyewe, wataalamu wa majenereta wana haki ya kuulizwa maswali, na magazeti ndiyo ya kuyauliza.

Nchi nyingi zitaendelea kuzinunua meli hizi, na zitazinduliwa kwa bendi na hotuba. China imeshaizindua Sichuan, Desemba 2024, yenye mtambo wa kurushia ndege kwa sumaku ya umeme. Uturuki inarusha na kutua droni kwenye Anadolu. Najua makala zijazo zitajaa droni, na sina ugomvi na hilo. Ninachoomba, Ndugu Mhariri, ni kwamba mwandishi wenu akialikwa kupanda mojawapo, asiishie juu kwenye upepo na kamera. Ashuke hadi sitaha ya chini ya magari. Amwombe baharia kijana aliyeko zamu, si kapteni wala msemaji, amwonyeshe kilipo kitufe cha povu, kisha amuulize ni lini mara ya mwisho kilibonyezwa na povu likatoka kweli. Jibu atakalopewa alichapishe neno kwa neno, na tarehe yake.

Wako mtiifu,
Injinia wa meli mstaafu